Naomba ushauri: mgonjwa akivuka mpaka, taarifa zake zimfuateje?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mhudumu wa afya kwenye kituo cha mpakani. Wiki iliyopita tulimpokea mama anayeharisha majimaji kama maji ya mchele, macho yamezama, ngozi ukiifinya hairudi upesi. Tukashuku kipindupindu, tukamtundikia dripu, tukachukua sampuli. Kabla majibu hayajatoka, ndugu zake wakamchukua wakarudi naye upande wa pili.

Njia rasmi naijua: wilaya, wizara, kisha ofisi ya taifa inayosimamia Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, yenye saa 24 za kuitaarifu WHO tukio likishatathminiwa kuwa huenda ni dharura ya kimataifa. Lakini kipindupindu kisipotibiwa kinaweza kuua ndani ya saa chache, na kituo cha wenzetu kiko ng'ambo tu, paa lake naliona nikiwa dirishani.

Mliowahi kufanya kazi mpakani, mlikubaliana vipi kupashana habari moja kwa moja? Ilihitajika hati iliyosainiwa, au simu ya daktari kwa daktari ilitosha? Na jina la mgonjwa mlilitaja, au umri, dalili na kijiji tu? Siri yake naiheshimu, ila wanaomuuguza huko nyumbani wananikosesha usingizi.