Tumbo halishikiki tangu nichomwe mionzi, na kazi iko soko la Gikomba. Nifanyeje?

MamaNguo_Githurai
Hamjambo. Nilitibiwa saratani ya mlango wa kizazi, nikapewa mionzi ya nje na ya ndani, nikamaliza mwaka juzi. Mwanzoni nilikuwa sawa. Sasa haja kubwa ikinishika sina nafasi hata ya kutafuta choo. Asubuhi jam ya Thika Road ikifunga pale Roysambu, natokwa na jasho ndani ya matatu nikiomba Mungu. Siku hizi sili chochote mpaka nirudi jioni. Juzi nimeona damu kwenye karatasi. Kliniki waliniambia ni kawaida ya waliochomwa, nivumilie. Naogopa ugonjwa umerudi, na mume wangu sijamwambia. Kuna aliyepitia haya?

Mzee_Umoja
Pole sana mama. Mimi ni tezi dume, nilichomwa 2019. Njaa haifungi tumbo, inakumaliza nguvu tu. Daktari aliniandikia loperamaidi, dawa ya kuzuia kuhara, nameza nusu saa kabla ya chai na nafika mjini salama. Lakini wewe umeona damu, usiinunue kabla ya kuchunguzwa.

Dada_Kahawa
Githeri na sukuma wiki punguza kwanza uone. Kwangu shida ilikuwa chai ya maziwa! Andika unachokula na tumbo lilivyokuwa siku hiyo.

Muuguzi_Rongai
Mama, madhara haya huweza kuanza miezi au hata miaka baada ya mionzi. Mara nyingi damu hutoka kwenye vimishipa dhaifu vinavyoota palipochomwa, lakini hilo halisemwi kwa kukisia. Rudi uombe utumbo uangaliwe kwa kamera, na kabla hawajaanza mwambie daktari wazi kwamba ulichomwa nyonga. Kukata kinyama cha kupima kwenye ukuta wa mbele wa utumbo wa chini kunaweza kuacha kidonda kigumu kupona, kwa hivyo hakukatwi bila sababu nzito.

Kuhara nako kuna visababishi vyenye dawa. Nyongo isipofyonzwa vizuri kuna poda ya kolestiramini. Bakteria wakizidi kwenye utumbo mwembamba kuna antibiotiki. Wakupime pia wingi wa damu na vitamini B12.

Ukisema tu "tumbo linanisumbua" utaambiwa uvumilie tena. Sema unaenda mara ngapi, kama unaamka usiku, kama unajichafua. Najua ni aibu kuyatamka, lakini hayo ndiyo daktari anahitaji kusikia.

MamaNguo_Githurai
Usiku naamka, tena sana. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Hiyo kamera inauma?

Muuguzi_Rongai
Ya utumbo wa chini huchukua dakika chache, utahisi umejaa hewa na tumbo kusokota kidogo. Ila damu ikianza kutoka kwa wingi au kwa mabonge, ama ukisikia kizunguzungu, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na mzee wako akusindikize.