Naomba ushauri: mama ana sukari ya mpakani, yuko kwa daktari wa tiba mbadala

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 58, yuko Tanga. Sukari kabla ya kula ilisoma 6.4. Hospitali wakamwambia kisukari kinaanzia 7.0, apunguze wanga, arudi baada ya miezi mitatu. Basi.

Dada akampeleka kwa daktari wa tiba mbadala, na kwa kweli nimempenda. Alimuuliza analala saa ngapi, anapika nini, nani kwenye ukoo ana kisukari, hata kifo cha baba kimemwathiri vipi. Akampangia mpango unaomfaa yeye mwenyewe: dona kiasi badala ya sembe, mchicha na kunde kwa wingi, chai bila sukari, na kutembea jioni kwa sababu asubuhi anauza vitumbua. Mama anafuata, jambo ambalo sisi wanawe tulishindwa kabisa.

Kinachoninyima raha ni dawa. Amempa unga wa mlonge na mchanganyiko wa mizizi usio na maandishi yoyote, wakati mama anameza amlodipine ya presha kila siku. Mlonge unaweza kushusha sukari na presha. Hiyo mizizi siijui.

Huyo wa tiba mbadala nimuulize vipi majina ya hiyo mizizi bila kuonekana namdharau? Daktari wa hospitali tumwambie sasa hivi? Na aliyewahi kuhakiki usajili wa mtoa huduma kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, naomba anielekeze pa kuanzia.