Andalio la somo la kidijitali: tugawane bure au kila mtu auze jasho lake?

FizikiaBilaMaabara

Walimu wenzangu, habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kooni, naomba tulijadili hapa hadharani.

Nafundisha Fizikia Kidato cha Pili hapa Tanzania. Maabara yetu ni chumba chenye meza, na umeme ni mada isiyofundishika kwa mdomo. Nikaandaa andalio, yaani mpango wa kipindi, linalotumia majaribio ya kwenye skrini ya PhET, ile kazi aliyoianzisha Carl Wieman pale Chuo Kikuu cha Colorado Boulder mwaka 2002, muda mfupi baada ya kupata Nobel. Unaishusha mara moja tu, baada ya hapo inafanya kazi bila intaneti. Mwanafunzi anaunganisha betri, waya na balbu kwa kidole, akiongeza volti anaona mwenyewe balbu inavyozidi kuwaka. Kazi kubwa ilikuwa kupanga kipindi cha dakika 40 kwa darasa lililojaa na vishikwambi (tableti) vitatu, viwili vya kuazima: kundi lipi linashika kifaa, lipi linachora sakiti daftarini, wanabadilishana lini, na naulizaje mwishoni nijue nani ameelewa na nani amefurahia picha tu.

Nikalirusha bure kwenye grupu la walimu wa sayansi. Juzi nimelikuta Telegram linauzwa shilingi elfu tatu. Jina langu limefutwa, na PhET nao wamefutwa, watu ambao wametuachia kazi yao bure na wanachoomba ni kutajwa.

Msimamo wangu: kazi kama hizi zikae mahali pamoja, bure, na jina la aliyeandaa libaki. Nyie mnaonaje?

BiTaaluma

Pole sana Mwalimu. Ila usituweke kapu moja mwizi na muuzaji. Mimi nauza maandalio ya darasa la tano hadi la saba, ya kwangu mwenyewe, nimeyaandaa usiku watoto wamelala, kwa bando langu na kompyuta niliyokopea. Daktari akifungua zahanati yake jioni hamumwiti mchoyo. Mwalimu akiuza kitu kwa elfu mbili anaambiwa hana wito!

Wenzetu Marekani wana soko linaitwa Teachers Pay Teachers, lilianzishwa na mwalimu wa New York, kama sikosei 2005 au 2006. Walimu wamejengea nyumba pale.

Mchumi_Kwa_Nguvu

Ni 2006. Na mwaka 2023 lilinunuliwa na kampuni ya IXL. Halafu soko hilo limelalamikiwa miaka yote kwa kazi zilizonakiliwa kwa wengine. Kwa hiyo kuuza hakujazuia wizi hata huko.

MzeeWaUkaguzi

Nimekagua shule miaka mingi, tangu tulipoitwa wakaguzi hadi wakatubadilisha kuwa wathibiti ubora, na sasa nimestaafu. Nawaambia wazi: andalio la kununua si andalio. Juu kabisa pale kuna idadi ya wanafunzi, waliosajiliwa na waliohudhuria, wavulana, wasichana, jumla. Nimeshika maandalio ya shule mbili za kata tofauti, tarehe moja, mahudhurio yanafanana hadi wasichana. Mtu hakubadilisha hata namba.

Na hili la teknolojia mnalilia nini? Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 mlipewa walimu bure. Nikipita majumbani kwenu nakuta watoto wenu wanaviangalizia katuni.

Chaki_ya_Ushirombo

Mzee shikamoo. Kwa heshima yote, hapo kwenye katuni umetukosea.

Kishikwambi changu kinalala nyumbani kwa sababu shuleni hakuna umeme wala mlinzi, na tulipokabidhiwa tulisainishwa kwamba kikipotea unakilipa. Ningekiacha wapi, kwenye ofisi yenye dirisha la mbao? Nakichaji nyumbani, nakibeba kila asubuhi, na bando natoa mfukoni. Mtoto wangu akikishika Jumamosi nusu saa, nani ameibiwa?

MamaWaWatatu

Mimi si mwalimu, ni mzazi. Mzee amesema kweli na mnamrukia. Mwanangu alirudi akaniambia leo mwalimu ametuwekea video halafu akatoka nje. Kifaa kilinunuliwa kwa kodi yangu. Nina haki ya kuuliza kinafanya nini.

Chaki_ya_Ushirombo

Una haki ya kuuliza, mama. Huna haki ya kutuhukumu wote kwa mwalimu mmoja. Darasa langu ni watoto zaidi ya 90. Kifaa chenye upana wa daftari utawaonyesha nini walio nyuma? Nauliza kwa dhati kabisa, nijibu.

MamaWaWatatu

Sasa kama hakifai, mlikipokea cha nini?

BiTaaluma

Mzee, nami nina neno na wewe. Umesema tunaonunua na kuuza hatubadilishi namba. Mimi kwenye kila faili ninalouza naacha nafasi za tarehe, mkondo na mahudhurio zikiwa tupu, na nimeandika kwa wino mwekundu JAZA MWENYEWE. Umetupaka matope watu usiotujua. Na nyie wakaguzi ndio mliotufundisha kuandika kwa ajili ya faili: mlikuwa mnakuja asubuhi, mnadai maandalio, mnahesabu kurasa, mnagonga muhuri, mchana mmeshaondoka. Ni mara ngapi ulikaa nyuma ya darasa kipindi kizima?

Kijana_wa_Morogoro

Hapo kwenye kurasa umegonga msumari. Mimi mkuu wangu hataki hata kuona andalio lililochapwa, anadai la mkono "ndiyo ushahidi kwamba umefikiri". Kwa hiyo nalinakili kwa kalamu kutoka kwenye simu. Nimefikiri nini hapo?

MzeeWaUkaguzi

BiTaaluma, mwanangu, nilikaa nyuma ya madarasa mengi kuliko unavyodhani. Nilichokuwa natafuta ni safu ya mwisho, ile ya upimaji. Hatua, muda, vitendo vya mwalimu na vya mwanafunzi, vyote mtu anaweza kuvitoa kichwani au kwa jirani. Upimaji huwezi kuuazima, kwa sababu lazima ujue watoto wako wanakwama wapi. Nikikuta imeandikwa "wanafunzi wataulizwa maswali", najua hakuna kilichoandaliwa. Yule kijana wa Fizikia ameandika kwamba alijiuliza nani ameelewa na nani amefurahia picha tu. Huyo namheshimu, na ndiyo maana inaniuma kuona kazi yake inapitishwa mikononi mwa watu ambao hawakujiuliza hivyo.

La katuni nimeliona kwa macho yangu. Silirudishi.

Chaki_ya_Ushirombo

Basi nasi haturudi nyuma.

JiraniWaBusia

Habarini kutoka upande wa Kenya. Naomba niingize neno, maana haya tumeyapitia mapema kidogo.

Mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza, zikaja kuwa tableti kuanzia 2016. Shule niliyokuwa nafundisha zilikaa kabatini kwa ofisi muda mrefu kwa sababu mkuu aliogopa kuulizwa zikivunjika. Kwa hiyo Mzee, heri mwalimu anayezipeleka nyumbani na kuzitumia.

Halafu ulipoingia CBC, mtaala wetu wa umilisi, mwaka 2019, mwalimu wa gredi ya kwanza alitakiwa kuwa na skimu (mpango wa kazi wa muhula) na maandalio mapya, na TPAD, ule upimaji wa utendaji wa walimu wa TSC, tume inayotuajiri, inataka hizo karatasi ziwepo. Soko likajaa hapo hapo. Shilingi hamsini kwa M-Pesa unatumiwa muhula mzima. Mimi nilinunua, na sikuona haya, kwa sababu nilikuwa na masomo mengi na karatasi zinatakiwa Jumatatu.

Lakini mnabishana kuuza na kugawa wakati hamjauliza mali ni ya nani. Kwetu Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kazi uliyoifanya chini ya mkataba wa ajira inahesabiwa ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Sasa andalio umeandaa kwa sababu umeajiriwa kufundisha. Pengine hata huyo anayejiita mwenye nalo si mwenye nalo.

FizikiaBilaMaabara

Jirani, hilo limeniuma kuliko la yule wa Telegram. Mwajiri hakunipa maabara, hakunipa bando, hakunipa projekta. Nimekaa hadi saa nne usiku nachagua jaribio gani litawafikia watoto wangu, halafu faili liwe la ofisi? Sheria ya kwenu ni ya kwenu, lakini hata ingekuwa ya kwetu ningeipinga hapa hapa.

JiraniWaBusia

Sijasema ni haki, mwalimu. Nimesema ndivyo ilivyoandikwa. Mwajiri akitaka leo kusimamisha kazi za BiTaaluma, ana pa kushikia.

BiTaaluma

Asimamishe. Aje na mshahara wa zile saa za usiku, tuongee vizuri.

Kodi_na_Kalamu

Jamani mjadala wenu umepitwa. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 mimi sinunui wala siombi. Naandika mada, darasa, dakika, linakuja andalio kamili kabla chai haijapoa.

MwalimuWaKisomo

Linakuja kamili kwa shule ipi? Nimejaribu hiyo akili mnemba yenu kwa somo la maji darasa la tatu. Ikanipangia kila mwanafunzi afungue video kwenye tableti yake, kisha waandike mawazo yao kwenye ubao wa kidijitali. Ubao wangu una ufa katikati. Lile la Fizikia lina thamani kwa sababu limeandaliwa na mtu anayejua kwamba vifaa ni vitatu na wanafunzi ni wengi. Hilo ndilo la kugawana. Mashine haijawahi kusimama mbele ya mkondo wa watoto 80 saa nane mchana.

Kodi_na_Kalamu

Unaiambia mazingira yako, inabadilisha. Tatizo hamtaki kujifunza kuiuliza.

MwalimuWaKisomo

Usinifundishe kuuliza, nimeuliza watoto maswali tangu hujazaliwa.

Mwl_Mpya_Kigoma

Samahanini wakubwa, mimi ni mgeni kazini. Nimepewa darasa la tatu, mtaala mpya ulioanza Januari 2024, na nimekabidhiwa Sanaa na Michezo pamoja na Jiografia na Mazingira. Chuoni nilisoma kufundisha Hisabati. Vitabu nimevipata bure Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), nashukuru, ila kitabu hakinionyeshi kipindi kinakwendaje. Hapa shuleni Jumuiya ya Ujifunzaji, yaani walimu tunaokaa pamoja kujifunza, tuko watu sita na hakuna aliyewahi kufundisha sanaa. MEWAKA, ule mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, inasema tukae tujadiliane. Tunakaa. Tunajadiliana nini wakati wote hatujui?

Nahitaji kuona andalio la mtu aliyelifundisha kweli, akaandika pembeni: hapa walichoka, hapa dakika kumi hazikutosha. Likiwa na sauti ya ngoma au video fupi ya kushusha mara moja, nitashukuru zaidi. Kama ni la kulipia nitalipa, lakini mshahara wa kwanza bado haujatoka.

MzeeWaUkaguzi

Binti, hayo maneno ya pembeni ndiyo kipengele cha tafakari na maoni ya mwalimu, yamo kwenye fomu miaka yote. Kila mtu anaandika "somo limeeleweka". Mngekuwa mnagawana hayo, ningenyamaza.

FizikiaBilaMaabara

Huenda ni kijana, si binti, Mzee, ameandika "mimi ni mgeni" tu. Au nani kajua. Lakini umesema jambo kubwa na naomba tulishike hilo kabla halijapotea.

Napendekeza hivi. Anayeweka andalio hapa aliweke likiwa limeshafundishwa, na maoni yake ya kweli, pamoja na idadi ya vifaa na ya wanafunzi aliokuwa nao. Majaribio au video zikae kwenye faili hilo hilo ili asiye na bando achukue kwa flashi. Atakayeliboresha aongeze jina lake chini ya la kwanza, asifute. Mwaka 2019 UNESCO walipitisha pendekezo la rasilimali huria za elimu, yaani vifaa vya kufundishia vinavyogawanwa bure, na nchi zetu zote mbili ni wanachama, kwa hiyo hatuanzishi uasi. BiTaaluma, wewe endelea kuuza yako, ila ukitumia la mtu humu umtaje. Naanza mimi, la umeme naliweka leo usiku na maoni yangu yote, hata pale kundi la nyuma lilipobaki halijashika kifaa.

BiTaaluma

Kumtaja mtu sijawahi kushindwa. Nitaweka moja la Sayansi darasa la sita. Moja. Na Mzee aseme kwanza neno kuhusu wino mwekundu.

Chaki_ya_Ushirombo

Na aseme kuhusu katuni.

MamaWaWatatu

Mnapanga mafaili vizuri, sijasikia mtu aliyenijibu. Yule mwalimu aliyewasha video akatoka, humu mnamfanyaje?

MwalimuWaKisomo

Mama, nenda shuleni ukamuulize mwalimu mkuu, mlango uko wazi kwa mzazi. Sisi hatumjui. Mimi ningemnyang'anya kifaa nikampe huyu mgeni wa Kigoma.

Mwl_Mpya_Kigoma

Asante Mwalimu, maana hilo nilitaka kuuliza tangu mwanzo nikaona aibu. Hivi sisi tulioajiriwa baada ya mgao wa 2022, vishikwambi vyetu vinatoka wapi? Nimeuliza ofisini nikaambiwa niazime kwa mwenzangu, na mwenzangu amehama nacho.

Chaki_ya_Ushirombo

Amehama nacho? Kile ni cha shule au ni cha mwalimu? Wadau mnaojua waraka wa mgao ulisemaje, njooni hapa.