Hilux 3L iliyokaa nje miaka miwili Uyole: asubuhi haiwaki, moshi mweupe. Nianzie wapi?

Mkulima wa Uyole
Wakuu, heshima kwenu. Kuna pikapu Hilux, injini ya dizeli aina ya 3L, ilikaa nje miaka miwili bila kuguswa. Imefungwa betri mpya na stata inazungusha kwa nguvu, lakini asubuhi na baridi hii ya Uyole, Mbeya, haiwaki mpaka isukumwe. Ikiwaka inatoa moshi mweupe mzito unaochoma macho na inatikisika kama silinda moja imelala. Ikishapata moto inatulia. Ukipanda nayo barabara ya Chunya inakosa nguvu na kutoa moshi mweusi. Maji ya rejeta yanapungua kidogo kidogo. Oili ni nyeusi ila haina rangi ya maziwa. Fundi anasema ishushwe, ifanyiwe ovaholi nzima. Kabla sijakubali, naomba mnisaidie: nipime nini kwanza?

Spana 17
Mkuu, usikubali ishushwe kabla haijapimwa kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Na usiipandishe tena mlima kabla hujafungua kava la taiming belti, mkanda wa mpira unaozungusha kamshafti inayofungua vali. Belti ya 3L hubadilishwa kila kilomita 100,000, ila ya gari lililosimama juani huzeeka hata kama kilomita hazijasogea. Ikunje kidogo kwa vidole: ukiona nyufa mgongoni au meno yameanza kuchanika, itoe. Angalia pia kama sili ya mbele ya kamshafti au krankshafti imevujisha oili juu yake, maana oili hulainisha mpira. Belti ikikatika kwenye injini hii pistoni zinagonga vali, na hapo ovaholi itakuwa ya kweli. Badilisha pamoja na puli yake ya kukazia, kisha zungusha krankshafti kwa spana mizunguko miwili kamili na uhakikishe alama zimerudi pale pale kabla ya kugusa stata.

Oili mwage leo hii. Weka 15W-40 ya dizeli, anza na lita 5 halafu ongeza kwa kufuata stiki, filta mpya. Baada ya kilomita 500 mwaga tena, kwa sababu oili mpya itaosha uchafu wote uliokuwa umeganda ndani.

Dizeli Tupu
Naongezea upande wa mafuta, maana dalili nyingi ulizotaja zinaweza kutoka huko. Tangi likikaa nusu tupu kwa miaka miwili linatengeneza maji kutokana na unyevu wa hewa, na maji hukaa chini, pale pale pampu inapovuta. Fungua nati ya chini ya tangi, kinga kwenye chupa ya plastiki angavu, iache itulie. Maji yatajitenga chini na dizeli juu. Ukiona kutu au utelezi mweusi, tangi lishushwe lioshwe, la sivyo utabadilisha filta kila wiki.

Halafu kuna hewa, na hii inawashinda wengi. Pampu ya 3L inavuta dizeli yenyewe kutoka kwenye tangi, kwa hiyo mpira uliopasuka kati ya tangi na pampu hauvujishi kitu nje, unavuta hewa ndani. Utatafuta tone la dizeli usilione. Kata kipande cha mpira angavu, kifunge kati ya filta na pampu, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka ikaze, washa injini na uangalie. Mapovu mfululizo maana yake hewa inaingia: badilisha mipira yote na klipu zake, usibadilishe mmoja tu. Kama asubuhi ukipampu kwa mkono kwanza ndipo inawaka, jibu umeshalipata.

Kama hakuna mapovu, tafuta silinda iliyolala. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, legeza nati ya paipu ya nozeli (kinachopuliza dizeli ndani ya silinda) moja moja kwa spana namba 17, shika kitambaa, mkono usikae mbele ya dizeli inayoruka kwa presha. Silinda nzima ukiilegezea, mngurumo unabadilika. Silinda isiyofanya kazi, ukiilegezea hakuna tofauti. Nozeli zote nne zipelekwe kwenye mashine ya kupimia: zifunguke kwenye presha ya karibu baa 150, zitoe ukungu mwembamba, zisidondoshe matone. Ukirudisha, weka washa (pete za kuzibia) mpya.

Dada wa Gereji Mafinga
Kaka, hita plagi, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, umezipima? Dizeli isiyoungua ndiyo inayochoma macho, na injini ya aina hii haiwaki kwenye baridi bila hita. Toa lile bati linalounganisha plagi zote nne, kisha pima kila moja kwa mita ya ohmu. Nzima inasoma karibu na sifuri, iliyokufa haisomi kabisa. Soma volti zilizoandikwa kwenye plagi kabla ya kununua, kwa sababu kuna za 6V na za 12V. Ukiweka ya 6V kwenye mfumo wa 12V inaungua ncha.

Na tafadhali, mtu asikushawishi kupuliza spreyi ya kuwashia kwenye bomba la hewa. Ikikutana na hita za moto inalipuka mapema na kuvunja pistoni au ringi zake.

Fungua na boksi la filta ya hewa. Gari lililolala shambani panya hujenga humo, na moshi wako mweusi mlimani unaweza kuwa ni hilo tu.

Spana 17
Kweli kabisa dada. Na juu ya moshi mweusi, mkuu kumbuka Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na barabara ya Chunya inapanda zaidi ya hapo. Hewa ni nyepesi, dizeli ni ile ile. Kama mtu aliwahi kukaza skrubu ya mafuta kwenye pampu ili gari "lipate nguvu", huku juu itatoa moshi tu. Irudishwe.

Maji: hapa yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95, siyo 100, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kilicholegea kinakupotezea maji mapema. Kifuniko kipya, kulanti nusu kwa nusu na maji safi. Baadaye, injini ikiwa baridi kabisa asubuhi, fungua kifuniko, washa, tazama. Mapovu yasiyokoma, au mpira wa juu unakuwa mgumu ndani ya dakika moja wakati injini bado ya baridi, hiyo ni gasketi au silinda hedi imepasuka. Usifungue ikiwa moto.

Kompresheni ipimwe injini ikiwa na moto, hita zote zimetolewa, waya wa solenoidi ya kuzimia (inayokata dizeli kwenye pampu) umechomolewa. Kitabu kinataka psi 455, mwisho wa chini 284, na silinda zisipishane zaidi ya 71. Vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Kwa Mbeya injini nzima itasoma kama 370, na fundi asiyelijua hilo atakuambia imekufa. Angalia zaidi tofauti kati ya silinda.

Mkulima wa Uyole
Ndaga fijo, asanteni sana wakuu. Belti, mipira ya dizeli na kifuniko cha rejeta vimebadilishwa. Hita mbili zilikuwa zimekufa. Maji hayana mapovu na hayapungui tena. Sasa inawaka asubuhi ila bado inatikisika. Kompresheni: ya kwanza 340, ya pili 345, ya tatu 250, ya nne 335. Tumeweka kijiko cha oili silinda ya tatu, ikapanda hadi 260 tu.

Spana 17
Ingekuwa ringi, oili ingeipandisha sana. Hiyo ni vali. Injini ikiwa baridi, pima nafasi ya tapeti (kati ya kamshafti na vali) kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia: vali za kuingiza hewa 0.20 hadi 0.30 mm, za moshi 0.40 hadi 0.50. Nadhani ya moshi silinda ya tatu haiingizi hata fila nyembamba. Kiti cha vali kikilika, vali inapanda, nafasi inaisha, na vali haifungi.

Usikisie shimu, kile kibati cha juu ya tapeti kinachorekebisha nafasi. Weka ya muda iliyo nyembamba, tuseme 2.40 mm, pima nafasi, kisha hesabu: unene wa shimu, ongeza nafasi uliyopima, toa 0.45, ambayo ni katikati ya kipimo cha vali za moshi. Ukipata nafasi ya 0.35, unahitaji shimu ya 2.30. Zungusha kwa mkono, pima tena, ndipo urudie kompresheni. Ikibaki chini, vali imeungua: hedi ishushwe, vali na kiti visagwe, hedi ipimwe presha kama ina ufa. Chini ya hedi usiguse kitu.

Na kabla ya kuteremka nayo Iwambi kwenda Mbalizi, angalia pampu ya vakyumu nyuma ya altaneta. Mpira wake ukiwa umepasuka, pedali ya breki itakuwa ngumu kama jiwe katikati ya mteremko.