Supu ya mizizi kwa baridi hii: inavutika kama gundi, inawasha koo. Nakosea wapi?

Bakuli_la_Njombe
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa jikoni. Njombe baridi imeshakaza na walaji nyumbani ni wanane. Nataka supu nzito ya mizizi na viungo, isiyo na nyama, ile ya kushikilia bakuli kwa mikono miwili. Nimejaribu mara mbili, zote zimeharibika.

Niliweka magimbi kilo moja, viazi mviringo kilo moja, karoti 4, viazi vitamu vyeupe 3, nyanya 4, tangawizi, kitunguu saumu, vijiko vitatu vya viungo vya unga vya paketi na tui la nazi moja. Vyote viliingia kwa pamoja kwenye sufuria, saa nzima kwenye mkaa, kisha blenda. Ikatoka kitu kinachovutika ukiinua kijiko. Karoti zilikuwa bado ngumu wakati viazi vimeshavurugika, viungo vina ladha ya vumbi, tui limekatika, na waliokula walilalamika koo linawasha. Vifaa ni jiko la mkaa, sufuria ya lita 5 na blenda ya kawaida.

Mtori_Mzito
Kwanza pole, maana kwa watu wengi hapa neno supu bila kongoro ni matusi 😄

Gundi umeitengeneza mwenyewe kwa blenda. Viazi mviringo vimejaa wanga. Ukivipiga kwa visu vinavyozunguka kasi, chembe za wanga zinapasuka na kuachia ute wote kwa wakati mmoja. Magimbi nayo yana ute wake wa asili. Umeweka kilo mbili za vitu hivyo viwili, ulitegemea nini? Hata mtori hausagwi kwa blenda, unapondwa kwa mwiko au kupekechwa, ndiyo maana unakuwa mzito lakini hauvutiki.

Kinachosagwa ni karoti, kitunguu na viazi vitamu. Hivyo vinatoa uzito laini. Viazi mviringo na magimbi viache kama vipande vya kutafuna. Na upunguze sana. Kwa sufuria yako ya lita 5, mizizi yote kwa pamoja isizidi kilo moja na nusu baada ya kumenya, la sivyo ni bokoboko, si supu.

Gimbi_la_Tukuyu
Hilo la koo ni magimbi, na halihusiani na pilipili. Ndani ya gimbi kuna fuwele ndogo zenye ncha kama sindano, za kalsiamu oksaleti. Gimbi bichi au lililoiva nusu linachoma mdomo, ulimi na koo. Dawa yake ni kuiva hasa, na kumwaga maji ya kwanza.

Fanya hivi. Menya gimbi likiwa kavu, usilioshe kabla, na mikono pake mafuta ya kupikia au vaa glavu. Mikono yenye maji ndiyo inayowasha zaidi. Kata maganda kwa kina, usikwangue tu juu juu. Likishamenywa lioshe, kata vipande vya sentimita 2, chemsha peke yake kwenye maji mengi yenye chumvi. Kisu kikipita hadi katikati bila kukwama, bado ongeza dakika 10. Mwaga maji yote. Hapo ndipo linaingia kwenye supu, na linaingia mwishoni kwa sababu limeshaiva.

Kitu kingine watu wanasahau: Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Maji hapo yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Dakika 20 za Dar es Salaam huko kwako ni 30 au zaidi. Ukifuata muda wa mtu anayepikia pwani, gimbi litakuwa bichi katikati kila siku.

Bakuli_la_Njombe
Asanteni sana. Kwa hiyo kuongeza mkaa hakusaidii? Na karoti mbona zilikuwa ngumu baada ya saa nzima?

Gimbi_la_Tukuyu
Hakusaidii. Maji yakishachemka, moto zaidi unayakausha tu, joto lake halipandi. Mfuniko mzito unazuia maji yasikauke, ila kinachosaidia hasa ni sufuria ya presha kama ipo. Kwenye presha gimbi linaiva kwa dakika 12 hata huko juu.

Waru_na_Nduma
Niko upande wa Limuru, Kenya, nako Julai si mchezo. Swali la karoti nalijibu mimi: ni nyanya zako. Uchachu unakaza mboga. Mzizi wowote ukichemshwa ndani ya maji ya nyanya nne au ndimu unachelewa sana kulainika. Toa nyanya kabisa, au zikaange pembeni hadi mafuta yajitenge, uzitie mizizi ikishaiva. Ndimu ni baada ya kuepua.

Pia angalia ukubwa wa vipande. Karoti ndiyo ngumu kuliko vyote, kwa hiyo inakatwa nyembamba, nusu sentimita. Viazi vitamu sentimita 2. Waru (viazi mviringo) sentimita 1 na nusu. Karoti kubwa iliyokomaa ina moyo wa kati mgumu wenye rangi hafifu. Ichane kwa urefu, uutoe. Na kiazi chenye ngozi ya kijani kitupe, kina sumu, na kuchemsha hakuiondoi.

Mkaazi_wa_Darajani
Shikamoo wakubwa wote. Viungo nachangia mimi, maana hapo ndipo palipoharibika.

Ladha ya vumbi inatokana na unga wa viungo kutiwa kwenye maji. Harufu ya viungo vingi inayeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Ukitia kwenye maji, unga unaelea na kubaki mbichi ulimini, manjano hasa. Acha viungo vya paketi, nunua vizima na utwange.

Ukienda dukani kuwa mwangalifu na majina. Bara ukisema binzari unapewa manjano. Unguja ukisema bizari bila kufafanua unaweza kupewa ya mchuzi, ambayo ni mchanganyiko. Unachotaka wewe ni mbegu ndogo ndefu za kahawia, zinaitwa bizari nyembamba, jira, au uzile kwa sisi wa visiwani. Onesha kwa kidole ukishindwa.

Kipimo kwa watu wanane: uzile kijiko 1 cha chai, mbegu za giligilani kijiko 1 na nusu, pilipili manga nusu kijiko, manjano ya unga nusu kijiko, iliki 3, karafuu 2 tu, mdalasini kipande cha sentimita 5. Karafuu usizidishe hata kama unazo nyingi. Ya tatu ikiingia, supu inanuka dawa ya meno.

Uzile na giligilani zikaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika 2, ukitikisa. Zikianza kunukia na kubadilika rangi kidogo, toa mara moja umimine kwenye sahani, kwa sababu kikaango cha moto kinaendelea kuziunguza. Twanga na pilipili manga. Iliki ipasue tu. Mdalasini, iliki na karafuu vinabaki vizima ili uvitoe kabla ya kusaga. Mdalasini ukiingia kwenye blenda, utakula vijiti.

Waru_na_Nduma
Nakubaliana na yote isipokuwa mdalasini. Viazi vitamu na karoti tayari vina utamu, mdalasini unaivuta supu kwenda kwenye keki. Mimi ningeweka tangawizi mara mbili na kuacha mdalasini.

Mkaazi_wa_Darajani
Kwa viazi vitamu vyeupe nitakubali uutoe. Kwa viazi lishe vya rangi ya chungwa, mdalasini kipande hicho hicho haudhuru, ila uuchomoe baada ya dakika 15. Ukikaa mpaka mwisho ndiyo maneno yako yanatimia.

Mtori_Mzito
Hapo kwenye viazi tuelewane. Vyeupe ni vikavu, vinafyonza maji mengi na kuzidisha uzito. Viazi lishe vina maji zaidi, vinasagika laini na rangi inapendeza. Kwa supu hii lishe ni bora. Kama sokoni kuna vyeupe tu, ongeza maji kikombe kimoja na nusu.

Sasa niunganishe yote, maana mleta uzi atachanganyikiwa. Vipimo baada ya kumenya: karoti nusu kilo, viazi lishe nusu kilo, magimbi robo kilo, viazi mviringo viwili vya wastani. Vitunguu maji vikubwa 2, saumu punje 6, tangawizi vipande viwili vya ukubwa wa kidole gumba, mafuta vijiko 4 vya chakula. Maji lita 1, tui jepesi vikombe 2, tui zito kikombe 1.

Magimbi yaanze kuchemka pembeni kama alivyosema wa Tukuyu. Kwenye sufuria kubwa pasha mafuta, tia mdalasini, iliki na karafuu kwa nusu dakika. Tia vitunguu na chumvi kijiko 1 cha chai, kaanga taratibu dakika 10 hadi 12 vilegee na kuwa vya dhahabu. Usiharakishe hapa, utamu wa supu isiyo na nyama unatoka kwenye kitunguu. Fuata na saumu na tangawizi iliyotwangwa, dakika 1 tu. Saumu ikiungua, supu nzima inakuwa chungu na hakuna kitu kitakachoiokoa. Mwaga uanze upya.

Kisha EPUA sufuria kwenye mkaa. Mkaa huwezi kuupunguza kwa kitufe, na viungo vya unga vinaungua kwa sekunde 30. Sufuria ikiwa chini, tia manjano na viungo ulivyotwanga, koroga, ongeza maji vijiko viwili vitatu viwe kama uji. Rudisha jikoni, tia karoti, geuza dakika 5. Tia maji lita 1, funika, dakika 15 kwa huko Njombe. Chomoa mdalasini. Tia viazi vitamu na tui jepesi, dakika 20 hadi 25. Kipimo ni karoti kupondeka ukiibana kwa kijiko ukutani mwa sufuria. Viazi mviringo vichemshe pamoja na magimbi, uvitie dakika 12 kabla hayo magimbi hayajaepuliwa.

Toa iliki na karafuu (zihesabu!), kisha saga. Rudisha sufuriani, tia magimbi na viazi vyako vilivyochujwa, moto mdogo dakika 5 vinywe viungo. Itatosha bakuli moja la mililita 400 kwa kila mtu na kidogo cha kuongeza.

Jiko_la_Mkaa
Tahadhari kwenye kusaga kabla mtu hajababuka. Supu ya moto ndani ya blenda iliyofungwa inatoa mvuke, mfuniko unaruka na supu inakurukia usoni. Iache ipoe dakika 10 hadi 15, jaza nusu ya jagi tu, toa kile kifuniko kidogo cha katikati, funika tundu kwa kitambaa kilichokunjwa na ushikilie. Bonyeza kwa vipindi vifupi. Umeme ukikatika, tumia upekecho au ponda kwa mwiko kisha pitisha kwenye chujio la matundu makubwa.

Bakuli_la_Njombe
Imekaa vizuri sana. Limebaki tui. Huku nazi si rahisi, naweza kutumia maziwa au karanga?

Mkaazi_wa_Darajani
Tui lako lilikatika kwa sababu lilichemka saa nzima, tena pamoja na nyanya. Tui zito ni la mwisho kabisa. Punguza mkaa, chota upawa mmoja wa supu ya moto uchanganye na tui kwenye bakuli ili lizoee joto, kisha mimina sufuriani. Usiache kukoroga mpaka lianze kutokota pembeni. Hapo epua, onja chumvi, kamulia nusu ndimu. Likishakatika haliwi sumu, ladha iko vilevile, linachukiza macho tu.

Maziwa yanafaa, kikombe kimoja kilichopashwa moto, ila ndimu uiache kabisa, la sivyo yataganda.

Jiko_la_Mkaa
Karanga zilizosagwa vijiko 3 vya chakula zinatosha sufuria hiyo. Ziyeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, ukizitia kavu zinafanya mabonge. Zitie baada ya kusaga, dakika 10 moto mdogo, na mwiko ufike chini muda wote kwa sababu karanga zinashika haraka. Ikishika, usikwangue! Hamishia supu ya juu kwenye sufuria nyingine, iliyoshika iache huko huko.

Na kama unapika ya siku mbili, gawanya kabla ya kutia tui zito au maziwa. Tia kwenye ile ya leo tu. Yenye tui zito inachacha upesi hata kwenye baridi. Kesho utaikuta imeganda kama ugali mlaini, hiyo ni kawaida ya wanga ukipoa. Ilegeze kwa maji ya moto kidogo kidogo, ichemshe vizuri, onja chumvi upya. Ukiiweka kwenye friza toa vipande vya viazi mviringo, vikiyeyuka vinakuwa kama sifongo.

Waru_na_Nduma
Chumvi ikizidi usidanganywe na hadithi ya kutupia kiazi kizima kuifyonza. Kiazi kinanyonya maji yenye chumvi, kilichobaki kina chumvi ile ile. Ongeza maji na karoti iliyopondwa. Pilipili ndiyo inayotulizwa na tui.

Bakuli_la_Njombe
Jumamosi naingia jikoni. Viazi lishe nimeshapata, uzile nimeuonesha kwa kidole kama nilivyoagizwa, na kweli muuzaji alikuwa ameshika manjano.