Ulinganisho: sola yenye betri, sola bila betri, au hita za jua na taima tu? (lodge ya vyumba 16)

Mjukuu_wa_Kaole:
Wakuu, habari za majukumu. Nina lodge ndogo na LUKU (umeme wa kulipia kabla) inanimaliza. Mafundi wameshikilia bei hadi mwisho wa mwezi, kwa hiyo lazima niamue. Nimeletewa njia tatu:

1. Inverta haibridi (inayochanganya paneli, betri na gridi) ya kilowati 10, paneli za kilowati 8, betri ya lithiamu ya uniti 15. Milioni 29 pamoja na ufundi.
2. Paneli hizo hizo na inverta ya kuungana na gridi, bila betri. Milioni 14. Huyu anasema umeme utakaozidi nitawauzia TANESCO.
3. Paneli za umeme hakuna. Hita za maji za jua juu ya paa, taima kwenye pampu na AC, jenereta langu libaki lilivyo. Milioni 9 hivi.

Ipi inalipa? Nataka jibu la mtu aliyefanya, siyo aliyesoma.

FundiNyaya:
Mkuu, umeandika bei tatu hujaandika matumizi hata moja. LUKU shilingi ngapi kwa mwezi? Fezi moja au tatu? Bati au zege? Lodge iko wapi? Na maji ya kuoga unayapasha kwa nini? Hilo la mwisho ndilo litakaloamua, halafu ndilo hujaligusa kabisa.

MzeeWaSaiti:
Weka inverta ya Victron ulale usingizi. Ghali, ndiyo. Lakini kila kitu unakiona kwenye simu, na vipuri vinapatikana. Uzi ufungwe.

Kobe_Mwendo:
Wewe Mzee na Victron yako, kila uzi! Kwa bei ya Victron anapata Deye na chenji ya kununulia magodoro. Deye ina tundu la ziada unalipangia mzigo: betri ikijaa inawasha yenyewe hita au pampu, ikishuka inazima. Kwa mtu wa lodge hicho ndicho anachohitaji.

MzeeWaSaiti:
Victron nayo inafanya hivyo, unaweka rilei (swichi inayojiwasha) tu. Sema huna hela.

Mjukuu_wa_Kaole:
Asanteni. Niko Bagamoyo, fezi tatu, bati la migongo mipana. LUKU ni laki tisa kwa mwezi, msimu wa wageni inazidi.

FundiNyaya:
Maji ya moto?

BwanaHesabu:
Wakati tunamsubiri, tupige hesabu. Uniti ya T1 (bei ya wateja wa kawaida) ni shilingi 292, ukiongeza VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) inafika 356. Laki tisa ni uniti 2,500 na kidogo, yaani kama 84 kwa siku. Paneli za kilowati 8 pwani zitakupa wastani wa uniti 30 kwa siku, masika utalia. Ukizitumia ZOTE unaokoa laki tatu na ushee kwa mwezi. Njia ya pili inarudisha hela yake karibu miaka minne, ya kwanza ni zaidi ya miaka saba.

Sasa neno kubwa hapo ni "zote". Lodge mchana haina watu. Wageni wako magofuni Kaole au ufukweni, AC zimezimwa. Saa sita mchana paneli zinatoa kilowati sita na jengo zima linakula mbili. Hizo nne zinaenda wapi? Usiku AC kumi zimewaka na jua halipo. Tatizo lako ni saa kuliko wingi wa umeme.

Mpwani_Nyali:
Huku Kenya saa ina bei yake. Tangu Desemba 2017 wateja wa viwanda na biashara kubwa wanapata nusu bei ya nishati usiku, saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, mradi wavuke kiwango chao cha kawaida. Sababu ni kwamba mvuke wa ardhini wa Olkaria haulali na upepo wa Turkana unavuma usiku wakati watu wamezima taa. Mwenye hoteli kubwa anaweza kugandisha barafu na kufua mashuka usiku. Sisi wenye tokeni za nyumbani hatumo. Na ukirudisha stima kwenye gridi, kanuni za 2024 zinakupa nusu uniti kwa kila uniti unayotoa. Siyo biashara, lakini ni bora kuliko kuipoteza.

Mbebaboksi_Hamburg:
Ujerumani wamefika mbali zaidi. Tangu Januari 2024 ukifunga pampu ya joto au chaja ya gari inayozidi kilowati 4.2, mwenye nyaya za mtaa ana haki ya kuishusha hadi 4.2 mtaa ukilemewa, na wewe unapunguziwa ada ya mtandao wa umeme. Tangu 2025 kila kampuni ya umeme lazima iwe na bei inayobadilika kufuata soko. Siku za jua kali bei ya jumla mchana inashuka hata chini ya sifuri. Jengo linajipanga lenyewe: linapasha maji na kuchaji gari saa hizo.

BwanaHesabu:
Mbeba boksi, tumefurahi kukuona, ila Bagamoyo 292 ni 292 asubuhi, mchana na usiku. Kwa T1 ukihamisha mzigo wa gridi kutoka jioni kwenda usiku wa manane hupati hata senti. Faida ya kuhamisha mzigo kwetu ni moja tu: kuupeleka kwenye jua lako mwenyewe. Wa T2 (watumiaji wakubwa) sawa, wale wanalipia na kVA, yaani kilele cha mzigo wao, akikipunguza anaona tofauti. Lakini T2 ni zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi, jamaa hafiki.

Mjukuu_wa_Kaole:
Samahani, nilikuwa na wageni. Maji ya moto ni zile hita za papo hapo, zinafungwa juu ya bomba la mvua. Kila chumba inayo.

FundiNyaya:
Nilijua! Hizo moja inavuta kilowati nne hadi tano. Saa kumi na mbili asubuhi wageni wanne wakioga pamoja ni kilowati 18. Inverta yako ya 10 inazima hapo hapo, na sabuni bado iko machoni. Yule wa njia ya kwanza alikuuliza hili? Kama hakukuuliza, milioni 29 usimpe.

BwanaHesabu:
Hapo FundiNyaya kamaliza. Kupasha lita 600 kutoka nyuzi 27 hadi 55 ni karibu uniti 20, robo ya matumizi yako ya siku. Na ni mzigo unaokubali kusubiri: tanki lenye sponji nzuri ukilipasha saa saba mchana, asubuhi bado lina moto wa kuogea. Tanki ni betri yako ya bei rahisi. Hita za papo hapo hazina akiba, zinakula pale pale mgeni anapofungua bomba.

Kobe_Mwendo:
Na pampu ya kisima iwe mchana vilevile, ndiyo inayokula sana.

BwanaHesabu:
Watu wote wanasema hivyo, piga hesabu. Lita 5,000 kutoka kisima cha mita 80 ni kama uniti mbili na kidogo, ukihesabu na upotevu wa pampu. Shilingi 800. Iweke mchana, ndiyo, kwa sababu haigharimu kitu kuiweka, lakini usitegemee ikuokoe.

Shangani_Kijana:
Sheikh, skiza yaliyotukuta sisi Unguja, tena usiyapuuze.

Gesti ya mjomba iko Mji Mkongwe. Mwaka juzi kampuni moja, sitoitaja, ikaja na njia kama hiyo yako ya pili. Paneli juu, inverta bila betri, wakasema umeme ukizidi mita itarudi nyuma. Wakafunga siku mbili, wakapiga picha, wakaondoka. Mwezi wa kwanza mita ya Tukuza (LUKU ya Zanzibar) ikamaliza uniti haraka kuliko zamani. Mjomba akadhani wageni wanaacha AC wazi, akaanza kuwagombeza wafanyakazi. Akamsimamisha kijana wa usiku bure. Ikaendelea hivyo hivyo.

Mie nikakaa siku ya Ijumaa, mchana, jua kali, nikazima kila kitu jengo zima isipokuwa inverta. Nikatazama mita. Uniti zinashuka. Hakuna taa, hakuna feni, na uniti zinashuka! Mita ile ilikuwa haijui mwelekeo. Umeme unaoingia inauhesabu, na unaotoka inauhesabu vilevile kama umetumia. Kila jua likizidi, tunalipia kuwapa majirani umeme wetu.

Tukawaita. Wakaja wakasema wamesahau sensa ya kibanio, ile inayokaa kwenye waya mkuu kuiambia inverta isisukume nje. Wakaifunga. Wakaifunga kinyume! Kishale kinatazama nyumba badala ya gridi, inverta ikachanganyikiwa, ikawa inasukuma zaidi. Alikuja fundi mwengine kabisa, mzee wa Ng'ambo, akaigeuza kwa dakika kumi, akadai elfu ishirini.

Halafu umeme wa mtaa ukakatika mchana wa jua, na sola nayo ikazima. Mjomba nusura alie. Inverta ya aina hiyo lazima izime gridi ikizima, isije ikamuua fundi aliye juu ya nguzo. Ndiyo usalama, lakini hakuna aliyetuambia kabla ya kulipa.

Mjukuu_wa_Kaole:
Duh. Kwa hiyo njia ya pili umeme ukikatika nakaa giza na paneli juu ya kichwa?

FundiNyaya:
Giza kabisa. Na kuhusu kuwauzia TANESCO: utaratibu wa mita ya pande mbili upo kwa kanuni za EWURA, lakini ni maombi, ukaguzi na mita nyingine. LUKU iliyoko ukutani sasa hivi haikupi kitu. Mwulize aliyekwambia utauza, mteja wake gani anauza leo, akupe namba umpigie.

Mzalendo_Rufiji:
Mimi siwaelewi. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Umeme upo tele nchini, nyie mnachoma milioni 29 kununua betri za Wachina. Tuiamini nchi yetu.

Shangani_Kijana:
Umeme kuzalishwa Rufiji na umeme kufika chumbani ni mambo mawili. Sisi tunaletewa kwa waya chini ya bahari. Waya ule ulipoharibika Desemba 2009 Unguja ilikaa giza miezi mitatu, na wakati huo bara taa zinawaka.

Mzalendo_Rufiji:
Hiyo zamani. Waya mpya wa megawati 100 umewekwa.

Kobe_Mwendo:
Na Aprili Mosi 2024 gridi ya taifa ilipozima Tanzania Bara nzima, mtambo wa kwanza wa bwawa ulikuwa umeshaanza. Transfoma ya mtaa wako ikiungua, hayo mengine hayakuhusu.

Mzalendo_Rufiji:
Kila mwenye hela akijitoa kwenye gridi, nani atabaki kuilipia? Nyinyi mtabaki na sola zenu, bibi wa kijijini apandishiwe bei.

BwanaHesabu:
Hilo ni swali la haki, na kwingine linawasumbua wakubwa. Ila hakuna aliyesema ajitoe. Anataka kubaki, anunue kidogo zaidi saa za jioni ambazo gridi yenyewe imebanwa. Gridi inafaidika naye pia.

Mkuu, ningekuwa wewe ningeanza na njia ya tatu, nusu yake. Hita za jua zenye tanki, ung'oe zile za papo hapo. Friza na mashine ya kufulia zifanye kazi mchana. Halafu inverta haibridi na betri ndogo ya taa, feni, intaneti na friji. AC zibaki kwenye gridi na jenereta.

MzeeWaSaiti:
Betri ndogo utaijutia. Wageni wa Kizungu wanataka AC.

Shangani_Kijana:
Na vifungio vya paneli viwe alumini na chuma kisichoshika kutu, Bagamoyo kuna chumvi.

Mjukuu_wa_Kaole:
Nimeelewa mengi. Tatizo hita za jua kumi na sita bati langu halitabeba, fundi alisema.

FundiNyaya:
Nani kasema kumi na sita? Matanki mawili makubwa yanatosha, yakae kwenye stendi ya chuma nyuma ya jengo. Nitumie picha ya paa na ya boksi la sakiti breka. Na ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, uko na mita ngapi? Kuna watu wanakatwa mara mbili.

Mzalendo_Rufiji:
Hiyo kodi sasa! Mimi nyumba yangu ni ya chini tu na wananikata ya ghorofa.

Kobe_Mwendo:
Nenda kwa wahusika na namba ya mita, watarekebisha. Mimi nilirekebishiwa.

Mzalendo_Rufiji:
Wakarudisha zilizokatwa?

Kobe_Mwendo:
Thubutu.

Chipukizi_Dodoma:
Wakuu samahani kuingilia. Mimi niko Dodoma, nina friji moja, TV na taa nane. Nichukue inverta gani?