Draiva zilizofungwa kwenye tenda za umma: tuzikatae?

MLETA MADA
Wakuu, habari za jioni. Nasema hivi: kifaa kinachonunuliwa kwa fedha za umma kisipokelewe kama draiva yake, yaani programu inayouwezesha mfumo wa komputa kukiendesha, ni faili lililofungwa, lisilo na msimbo (maandishi ya programu) wa kusoma na kurekebisha.

Mwaka jana niliitwa kwenye maabara moja hapa mjini, sitaitaja. Komputa mbili, kila moja na kadi yake ya PCI, ile ya kuchomekwa ndani ya komputa, ya kupimia volti. Zilihamishwa kutoka mfumo wa Linux wa Ubuntu 18.04 kwenda 22.04, kadi zote zikagoma. Ya kwanza ilikuja na msimbo wake. Kujenga draiva upya, ikakwama kwenye ioremap_nocache. Hiyo ndiyo fankisheni iliyokuwa inazipa rejista za kadi (sehemu ndogo za kuiamuru na kuisoma kadi) anwani ambayo kerneli, kiini cha mfumo, inaweza kuisoma na kuiandikia. Iliondolewa kwenye Linux 5.6, mwaka 2020, kwa sababu ioremap ya kawaida ilikuwa inafanya kitu kilekile. Nikafuta alama nane, sehemu mbili. Chai yangu haikupoa.

Ya pili ilikuwa na faili moja tu la .ko, yaani draiva iliyokwisha kujengwa, bila msimbo, kwa kerneli 4.15. Kwenye nyingine haliingii. Komputa imerudishwa kwenye mfumo wa zamani, imechomolewa mtandao, na majibu yanabebwa kwa flashi. Kadi yenyewe nzima kabisa.

MUUZA VIFAA, KARIAKOO
Kaka, unaongea kama mtu asiyelipa kodi ya fremu. Mimi naagiza katoni, nalipa ushuru, naomba tenda kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kama wengine. Mtengenezaji yuko Shenzhen, nikimwambia anipe msimbo atacheka. Ukiweka sharti hilo, sisi wa Mtaa wa Aggrey tunatoka, wanabaki wakubwa wawili watatu, na bei utaiona.

Halafu msimbo ni siri ya biashara ya mtu. Kwa nini atoe?

FUNDI, GEREZANI
Siri ipi, mkuu? Kadi ya PCI inajieleza yenyewe. Ina visanduku hadi sita vinaitwa BAR. Mfumo unajaza kisanduku kizima tarakimu 1, unasoma kilichorudi, unajua kadi inataka nafasi kiasi gani, kisha unaipangia anwani. Fungua /proc/iomem kwa ruhusa ya mkuu wa mfumo, utaona kila mmoja kakaa wapi, kama orodha ya wapangaji. Siri ni maana ya kila rejista tu: hii inawasha, hii inapima. Basi watupe jedwali la rejista, msimbo wabaki nao.

Na hizo anwani mtu asizikariri, tafadhali. Vijana wanakuja na programu ya Raspberry Pi ya kwanza, ile komputa ndogo, anwani 0x20000000 imeandikwa humo kwa mkono. Pi 2 na 3 ni 0x3F000000. Pi 4 ni 0xFE000000. Wanalaumu waya.

MHADHIRI
Fundi, jedwali bila mtu wa kuandika draiva ni karatasi. Na mleta mada, msimbo nao una mwisho wake. Ulirekebisha wewe kwa sababu uliitwa. Ukihama mji?

Kerneli ya Linux imeahidi kutovunja programu za watumiaji. Haijawahi kuahidi kitu kwa draiva zinazoishi nje yake. Walipoiondoa ioremap_nocache, walirekebisha wenyewe kila draiva iliyokuwa ndani ya kerneli. Zilizokuwa nje ziliachwa zilivyo. Kwa hiyo sharti langu ni gumu kuliko lako kwa mtengenezaji, ila jepesi kwa muuzaji: tununue kifaa ambacho draiva yake imeshaingia ndani ya kerneli. Hakuna wa kumwomba siri.

MSIMAMIZI WA MIFUMO, POSTA
Naongeza la usalama. Kilicho ndani ya kerneli kikikosea hakuna wa kukizuia. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa komputa, liliangusha komputa za Windows milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, ndege zikalala. Na ile ilikuwa kampuni inayojulikana. Sisi tunaingiza .ko ya mtu asiyejibu hata barua.

MLETA MADA
Mhadhiri kanipiku, nahamia kwake. Kudai msimbo kungetuletea mafaili ya zip ambayo hakuna atakayeyafungua.

MUUZA VIFAA, KARIAKOO
Sawa. Nani atakagua? Afisa manunuzi anayejua rangi ya boksi?

FUNDI, GEREZANI
Dakika tano, bosi. Chukua flashi yenye Linux mpya, washa komputa nayo, andika lspci -k. Chini ya kila kadi kuna mstari unaotaja draiva inayotumika. Mstari haupo, mzigo unarudi. Hata wewe unaweza kupima kabla hujaagiza katoni.

MUUZA VIFAA, KARIAKOO
Kwa sampuli moja? Hiyo naiweza. Kesho nakuletea kadi tatu za mtandao, tuone. Na printa je?

FUNDI, GEREZANI
Printa, aisee, anzisha uzi wake.